Gari Linapochelewa Kuchanganya



Je, umewahi kupanda gari ambalo dereva anakanyaga mafuta lakini gari halitaki kwenda? Injini inanguruma, watu wanatazamana, na nyuma lori linapiga honi. Mafundi wa Dar es Salaam husema gari hilo halichanganyi.

Gari la namna hiyo linakula petroli nyingi, na tena ni la hatari. Dereva akitoka Tandale na kuingia Barabara ya Morogoro pale Manzese, anahitaji gari lishike mwendo upesi. Akienda Chalinze, akataka kulipita lori, anahitaji nguvu hiyo zaidi. Gari likikataa katikati ya kupita, na mbele linakuja basi, watu watakufa.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kutafuta ugonjwa wa gari linalokosa nguvu. Tutatumia mfano wa magari ya familia yaliyoinuka kutoka chini, kama vile Toyota RAV4, Suzuki Escudo na Nissan X-Trail. Magari haya ni mengi mitaani kwetu. Mengi yamenunuliwa yakiwa yametumika Japani. Somo linahusu magari ya petroli tu.

Huenda wewe si fundi. Huenda pia huna gari. Lakini huenda unaendesha la mwajiri wako, au mwanao anajifunza kazi gereji. Jambo kubwa la somo hili ni moja: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE.

INJINI NI KAMA JIKO LA MKAA

Fikiri jiko la mkaa. Ili liwake vizuri linahitaji mambo manne. Linahitaji hewa. Linahitaji mkaa. Linahitaji moto wa kuwashia. Na majivu lazima yaondoke. Majivu yakijaa, hewa haipiti, na jiko hufifia hata kama mkaa ni mzuri.

Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Inavuta hewa. Inapata petroli kutoka kwenye nozeli. Plagi inatoa cheche na kuwasha mchanganyiko huo ndani ya silinda. Kisha moshi unatoka kwa njia ya ekzosi. Jambo moja kati ya hayo manne likipungua, nguvu inapungua.

Kwa hiyo gari likikosa nguvu, usiulize kwanza, "Ninunue nini?" Uliza, "Kati ya hewa, petroli, moto na njia ya moshi, ni kipi kimepungua?"

KWANZA TAZAMA MSHALE

Kabla ya kufungua injini, fanya kipimo hiki. Tafuta barabara tulivu isiyo na watu wengi. Kanyaga mafuta kwa kiasi, na mwenzako aliyekaa kando atazame mishale miwili ya dashibodi. Mmoja unaonyesha mizunguko ya injini. Mwingine unaonyesha mwendo wa gari.

Mshale wa mizunguko ukipanda haraka, lakini mwendo hauongezeki, basi injini ina nguvu ila nguvu hiyo haifiki kwenye magurudumu. Hapo chunguza giaboksi, oili yake, au klachi.

Mishale yote miwili ikipanda polepole, basi injini yenyewe ni dhaifu, au kuna kitu kinalivuta gari nyuma.

Kipimo hiki hakina gharama, nacho kinakuepusha kufungua giaboksi nzima wakati ugonjwa uko kwenye plagi.

VITU VINAVYOLIVUTA GARI NYUMA

Pima upepo wa tairi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hulifanya gari kuwa zito.

Kisha chunguza breki. Endesha mwendo mfupi bila kukanyaga breki mara nyingi, halafu simama. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa la moto sana kuliko mengine, breki yake inashika. Gari hilo linavutana na breki yake lenyewe. Lipeleke kwa fundi upesi, kwa sababu breki inayoshika huweza kuungua.

Tazama pia vitufe. Magari mengine yaliyotoka Japani yana kitufe kilichoandikwa SNOW, maana yake theluji. Kikibonyezwa, gari huondoka polepole makusudi ili lisiteleze kwenye theluji. Tandale hakuna theluji. Hakikisha mtoto hajakibonyeza akicheza.

JAMBO LA KWANZA: HEWA

Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kwa hiyo kila lita 1 ya petroli inapoungua, injini imevuta karibu lita 9,000 za hewa. Fikiri sasa mitaa yetu wakati wa kiangazi, na vumbi lake. Hewa yote hiyo hupita kwenye chujio moja la karatasi, ambalo mafundi huliita eya klina.

Fungua boksi la chujio injini ikiwa imezimwa. Litoe, kisha litazame kuelekea juani. Ukiona mwanga unapenya, bado linafaa. Ukiona giza, libadilishe. Usilifue chujio la karatasi kwa maji. Usiendeshe gari bila chujio, kwa maana vumbi litasaga silinda.

Sasa fuata bomba la mpira linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Likunje kidogo na uangalie kama limepasuka. Mpasuko ukiwa baada ya sensa ya hewa, injini huvuta hewa ambayo haikupimwa, na mchanganyiko huharibika. Sensa ya hewa yenyewe ikichafuka husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Isisuguliwe kwa kitambaa wala kuoshwa kwa petroli.

Wakazi wa Tandale wanaujua Mto Ng'ombe wakati wa masika. Usilipitishe gari kwenye maji usiyojua kina chake. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni haiwezi kuyabana, na vyuma vya ndani hupinda. Gari likizima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha. Livuteni kwanza hadi pakavu.

JAMBO LA PILI: PETROLI

Gari lenye upungufu wa petroli lina dalili yake. Linakwenda vizuri likiwa jepesi na tambarare. Likipanda kilima au daraja la juu la Ubungo likiwa limejaa watu, linakosa pumzi. Hapo injini inahitaji petroli nyingi, nayo haiji ya kutosha.

Sababu huweza kuwa chujio la petroli lililoziba, nozeli chafu, au pampu iliyochoka. Katika magari mengi ya sasa pampu iko ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Anayeendesha kila siku huku taa ya mafuta imewaka anaichosha pampu yake. Jitahidi tangi lisishuke chini ya robo.

Lakini usinunue pampu kwa kukisia. Fundi afunge geji kwenye njia ya petroli na kupima msukumo wake. Asome kiasi kinachotakiwa katika kitabu cha gari hilo. Msukumo ukiwa sawa hata gari likiwa kwenye mzigo, pampu ni nzima. Kazi hii ni ya fundi, kwa sababu petroli hufyatuka kwa nguvu na moto ukiwa karibu hulipuka.

Chunguza pia ubora wa petroli yenyewe. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, uliwahi kuenea nchini. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwanasa wanaochanganya. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hata hivyo jihadhari. Gari likianza kugonga na kukosa nguvu mara tu baada ya kujaza mafuta, andika kituo na tarehe, na uitunze risiti. Usinunue petroli ya kwenye madumu kando ya barabara.

JAMBO LA TATU: MOTO

Silinda moja isipowaka, gari hutetemeka likiwa limesimama, na likiondoka hurukaruka. Mafundi husema gari linamisi. Injini ya silinda nne inayomisi silinda moja imepoteza karibu robo ya nguvu yake.

Injini ikiwa imepoa, fundi atoe plagi na kuzipanga kwa namba za silinda. Kisha msome rangi zake kama mnavyosoma herufi:

Kahawia nyepesi: silinda inawaka vizuri.
Nyeusi kama masizi makavu: petroli imezidi, au hewa imepungua, au cheche ni dhaifu.
Yenye mafuta ya oili: oili inapenya ndani ya silinda.
Nyeupe, imeungua: joto limezidi au petroli imepungua.

Juu ya kila plagi, magari mengi haya yana koili yake. Koili ikifa, wengi hununua zote nne. Kuna kipimo cha bure. Tuseme silinda ya 2 ndiyo inayomisi. Zima gari. Hamisha koili ya silinda ya 2 uiweke silinda ya 3, na ya 3 uiweke silinda ya 2. Washa gari na upime tena. Sasa silinda ya 3 ikimisi, ugonjwa umehama pamoja na koili. Nunua koili hiyo moja. Silinda ya 2 ikiendelea kumisi, koili ni nzima. Tafuta kwenye plagi, nyaya au nozeli ya silinda hiyo.

Umeona, ndugu msomaji? Kipimo cha dakika kumi kimeokoa bei ya koili tatu.

JAMBO LA NNE: NJIA YA MOSHI

Kwenye bomba la ekzosi kuna kopo ambalo ndani yake mna vitundu vingi kama sega la nyuki. Mafundi huliita masega. Kazi yake ni kupunguza sumu katika moshi.

Injini ikimisi kwa muda mrefu, petroli ambayo haikuungua huenda mpaka kwenye masega na kuungulia humo. Masega hupata joto kali, huyeyuka na kuziba. Moshi ukikosa njia, hewa mpya haiingii. Ni lile jiko lililojaa majivu. Gari huwaka vizuri, lakini mwendo ukizidi kidogo linakabwa.

Hapo ndipo wahenga waliposema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Plagi au koili moja ni ufa. Masega ni ukuta.

Fundi anaweza kupima kizuizi hicho kwa geji. Hufungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega na kufunga geji mahali pake. Msukumo ukipanda sana injini ikiongezwa mizunguko, njia imeziba. Ikiwa masega yameyeyuka, kwanza tibuni kumisi kulikoyayeyusha. Bila hivyo, mapya nayo yatakufa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba masega yana madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Yana wanunuzi. Akitokea mtu akakuambia masega yatolewe, mwambie kwanza akuonyeshe kipimo. Yakitolewa, ni mali yako. Na gari lisilo na masega hutoa moshi wenye sumu zaidi mitaani tunamoishi.

Onyo: usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

TAA YA INJINI NA MASHINE YA KUPIMIA

Kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye picha ya injini. Ikiwaka bila kumeta, gari lipimwe karibuni. Ikimetameta, kwa kawaida injini inamisi vibaya na masega yanaungua. Punguza mwendo, tafuta mahali salama, simama.

Mafundi wengi wa siku hizi wana mashine ya kusoma hitilafu. Mashine hiyo hutoa namba. Mwombe fundi akuandikie namba hiyo kabla hajaifuta. Namba P0302 maana yake silinda ya 2 inamisi. Namba P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Lakini mashine haisemi, "Nunua kitu fulani." P0171 huweza kuletwa na bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au petroli kidogo. Namba inakuonyesha mtaa. Nyumba lazima muitafute wenyewe.

Hewa, petroli, moto na njia ya moshi vikiwa sawa, na gari bado halina nguvu, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Hapo tu ndipo tunapozungumza habari za kufungua injini.

MFANO WA KUJADILIANA

Tuseme familia moja ya Tandale ina RAV4. Gari linatetemeka na linachelewa kuchanganya. Mtu wa kwanza akasema ni pampu. Pampu ikanunuliwa, gari halikupona. Mtu wa pili akasema ni sensa. Sensa ikanunuliwa, gari halikupona. Muda wote huo taa ya injini ilikuwa ikimetameta. Fedha ya ada ya watoto ikapungua. Fundi wa tatu akahamisha koili, na kumisi kukahama. Koili moja tu ilikuwa imekufa. Lakini masega yalikuwa yameshayeyuka.

Familia hii ilikosea wapi? Haikukosa fedha wala mafundi. Ilinunua kabla ya kupima.

UKIENDA KWA FUNDI

Fundi anastahili heshima na malipo, hata kwa kazi ya kupima tu. Usimwambie, "Badilisha pampu." Mweleze dalili: inaanza lini, injini ikiwa baridi au moto, tambarare au kilimani. Kisha mwulize maswali haya:

1. Fundi, umepimaje mpaka ukajua ni kitu hiki?
2. Kipimo kilionyesha nini?
3. Je, tunaweza kukijaribu kabla ya kununua kipya?

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha mjaribu gari. Mkibadilisha vitatu pamoja, hamtajua kipi kiliponya. Ukitumwa Gerezani au Ilala kununua spea, nenda na ile ya zamani mkononi na namba zake zimeandikwa. Spea ya zamani irudishwe kwako.

Kijana anayetaka kujifunza kazi hii kwa utaratibu anaweza kuuliza VETA Chang'ombe, wilayani Temeke.

DAFTARI LA GARI

Sasa tutumie kalamu. Nunua daftari dogo, likae ndani ya gari. Kila ukijaza mafuta andika tarehe, lita, na kilometa zilizosomeka. Kila tengenezo andika pia.

Hesabu ni hii: gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita ulizotumia.

Mwezi wa kwanza: kilometa 315 kwa lita 35. 315 gawanya kwa 35 ni 9. Gari linakwenda kilometa 9 kwa lita 1.

Mwezi wa tatu: kilometa 315 kwa lita 45. 315 gawanya kwa 45 ni 7. Gari linakwenda kilometa 7 kwa lita 1.

Njia ni ile ile, lakini lita 10 zimeongezeka. Ikiwa foleni na mizigo havikubadilika, daftari limekuambia kwamba gari linaumwa, huenda kabla hata dereva hajahisi. Zidisha lita hizo 10 kwa bei ya petroli ya leo. Hiyo ndiyo fedha inayopotea.

TUYAKUMBUKE

Tazama mishale miwili kwanza. Pima tairi na breki. Kisha fuata mambo manne: hewa, petroli, moto, njia ya moshi. Anza na vipimo vya bure, malizia na vya gharama. Taa ya injini ikimetameta, simama. Gari lisilo na nguvu lisilipite jingine barabarani mpaka litibiwe.

MASWALI

1. Taja mambo manne ambayo injini huhitaji. Yalinganishe na jiko la mkaa.
2. Mshale wa mizunguko unapanda haraka, lakini mwendo hauongezeki. Utachunguza wapi?
3. Kwa nini si vizuri kuendesha siku zote huku tangi likiwa karibu tupu?
4. Eleza namna ya kupima koili bila kununua nyingine.
5. Gari limekwenda kilometa 240 kwa lita 30. Linakwenda kilometa ngapi kwa lita 1?

KAZI YA KIKUNDI

Mwombeni fundi mmoja wa mtaani kwenu aje darasani na plagi kuukuu tano au sita. Kila mmoja azitazame, aandike rangi yake, na aseme silinda ilikuwa na tatizo gani. Kisha fundi awaambie kama mmesoma vizuri.